Picha ya Iseli wa Velu

Kihiyo alipoondoa kitambaa cha mwisho, Mama Hoza alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake.

Picha ilikuwa imechorwa kwa rangi nzito juu ya ubao, ukubwa wa sinia la kulia watu wanne. Msichana wa miaka kumi na sita hivi amekaa, mikono mapajani, nywele zimesukwa msuko mmoja ulioangukia begani. Mpaka hapo hapakuwa na cha kumshtua mtu. Kilichoshtua ni uso. Macho yalikuwa yametanuka kama ya mtu aliyefungua mlango wa chumba chake mwenyewe akakuta ukuta wa nyuma haupo. Midomo ilikuwa imeachana. Kidevu kilikuwa kimechorwa mara mbili, kimoja juu ya kingine, kwa sababu kilikuwa kinatetemeka na mchoraji hakutaka kukituliza.

"Huyu mtoto alipigwa," Mama Hoza alisema mwishowe.

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha mapokezi pale Lushoto, na alikuwa amewapokea watoto wengi wenye hofu kiasi cha kuitambua hofu hata ikiwa imegeuza mgongo. Kihiyo, fundi wa mitambo, alisema labda binti alikuwa anasikia baridi tu, watu wa Velu si wanaishi juu ya chuma katikati ya barafu. Mama Hoza akamwambia Lushoto nayo ina baridi, na hajaona mtu anayevuta shuka asubuhi akiwa na uso kama ule. Kisha wote wawili wakamgeukia Salha Kaniki.

Salha alikuwa mfasiri wa picha, mwaka wake wa kwanza kazini tangu atoke chuo kikuu. Aliandika vizuri na kusema kidogo. Kwenye vikao Mama Hoza alikuwa amezoea kumwuliza wa mwisho na kumsubiri, kama mtu anavyosubiri maji yachemke bila kuinuainua kifuniko. Aliinama karibu na ubao. Rangi ilinuka mafuta ya samaki.

"Aliyechora ni mama yake," alisema. "Wavelu huchorwa na aliyewazaa. Lakini sijui walikuwa wanafanyiana nini."

Wavelu waliishi bahari ya kaskazini, juu ya majukwaa ya chuma yaliyowahi kuchimbia mafuta na ambayo mababu zao waliyafunga kwa minyororo hadi yakawa mji mmoja. Hawakupiga picha kwa kamera, hawakuandika, hawakurekodi sauti. Mtu alipata sura moja tu katika maisha yake, anapofikia umri wa kuhesabiwa mtu mzima. Sasa minyororo ilikuwa inakatika, na nchi kadhaa zilikubaliana kuwachukua vijana kwanza. Tanzania ilitoa nafasi milimani, huko huko ambako ofisi nyingi zilihamia tangu bahari imeze mitaa ya chini ya miji ya pwani. Iseli alikuwa Mvelu wa kwanza kufika Lushoto. Alikuja juzi na mfuko mmoja na ubao huu, na kwa watu wake ubao ndio ulikuwa ruhusa. Mwenye picha ana mtu wa kumtoa. Asiye na picha haruhusiwi kupanda meli.

Kazi ya Salha ilikuwa kueleza picha inasema nini: mtoto alitolewa kwa hiari, au alisukumwa. Akisema alisukumwa, mama angekatwa asiwasiliane naye tena. Aliutazama uso ule na akaogopa, maana kila alichosomea kilimwambia kwamba Mama Hoza yuko sahihi.

"Tusibishane," Kihiyo alisema. Alikuwa tayari anaubeba ubao kwenda kwenye mtambo wake, Msikizi. "Tumwulize mama mtu mwenyewe."

* * *

Mtu akisema huku ameshika brashi, sauti yake inatikisa mbavu, mbavu zinatikisa bega, bega linatikisa mkono, na nywele za brashi zinaacha mikunjo midogo sana kwenye rangi mbichi. Rangi ikikauka, mikunjo inabaki. Msikizi ulipitisha uzi wa mwanga juu ya mikunjo hiyo, tabaka kwa tabaka kuanzia la chini, ukaigeuza kuwa sauti tena. Pale brashi ilipoinuliwa kwenda kuchovya rangi, sauti ilikatika, na sheria ilikataza mtambo kubuni kilichokosekana.

Pale kituoni mtambo ulikuwa umepata kazi nyingine ambayo hakuna mkubwa aliyeiagiza. Mgeni alipokuja na kitu kilichotengenezwa kwao, Kihiyo alikitoa sauti, na wakati wa chai ya kumkaribisha sauti ile ilifunguliwa kwenye spika za ukumbini, mgeni akiwa amekaa na chapati mkononi. Mwaka uliopita kijana kutoka visiwa vilivyozama alisikia babu yake akiimba kutoka kwenye chungu. Alilia, wapishi wakalia, Mama Hoza akalia mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo Kihiyo alitembea mle kituoni kama mtu aliyefufua wafu, na hakuna aliyemkatalia.

Chai ya Iseli ilikuwa alasiri hiyo.

Kihiyo hakujua Kivelu. Salha alikijua, alikisoma chuoni miaka mitatu, kwa hiyo yeye ndiye aliyevaa hedifoni ili atafsiri maneno machache ya kuwasomea watu kabla. Alitegemea wimbo, au dua. Kwanza alisikia upepo wa pumzi, halafu sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayesema huku meno yameumana.

"Iseli, tulia. Usitikise kidevu. Naanza na macho ili…"

Ikakatika. Ikarudi.

"Siku niliyokuzaa nilizaa wawili. Wa pili alitoka na midomo ya bluu. Nilisema amekufa. Nilimweka kwenye ndoo, nikamwacha mlangoni kwa wanawake wa nyumba ya nyavu, nikarudi kukunyonyesha wewe… Ni Luda. Yule Luda unayemchukia. Namsikia anakohoa kila asubuhi nikipita… Hana picha. Nikimchora watajua. Barafu ya mwaka huu kifua chake hakitaivuka, mganga aliniambia bila kujua anamwambia nani… Nafasi ya kwanza nilikuchagua wewe. Na ya pili nimekuchagua wewe."

Baada ya hapo ilikuwa rangi ya nguo na ya ukuta, na mama hakusema kitu tena. Palikuwa na sauti ya brashi tu.

Salha alivua hedifoni taratibu. Hakujua waya umefikaje mdomoni mwake. Kihiyo aliuliza kama ni wimbo. Alitikisa kichwa. Kihiyo akauliza kama ni kitu kizuri cha kusikilizisha watu, na Salha akasema subiri, nisubiri kwanza, akaondoka bila kufunga mlango.

Njiani aliiona picha ile kichwani na sasa aliielewa. Huo ulikuwa uso wa mtu anayeambiwa ana ndugu. Lakini kadiri alivyoielewa ndivyo hasira ilivyozidi kumpanda, kitu ambacho hakukizoea. Kwa maana siku ya kwanza Mama Hoza alimwuliza Iseli waziwazi, Salha akitafsiri, kama ana ndugu. Mkataba uliruhusu hilo: ndugu wa tumbo moja angeweza kufuata hata bila picha, mradi aliyetangulia amtaje kwa mdomo wake kabla meli haijaondoka. Meli ya pili ilikuwa inang'oa nanga kule Velu kesho asubuhi, na baada yake bahari ingeganda. Iseli alijibu kwamba hana ndugu. Kisha akala chapati tatu na kumwamkia paka wa kituo shikamoo, kwa kuwa alikuwa amejifunza neno hilo melini na kumpa kila kiumbe alichokutana nacho.

Alimwacha dada yake afe, Salha aliwaza. Na hata hajakosa usingizi.

* * *

Iseli alikuwa jikoni akimenya viazi, kwa sababu alikataa kukaa bure. Alimenya kwa kuvuta kisu mbali na mwili, maganda yakimrukia mpishi, ambaye alikuwa ameshachoka kumkataza. Alipomwona Salha alitabasamu, akamwita dada Salha, akasogea ampishe kwenye benchi.

Salha hakukaa. Alimwuliza, kwa Kivelu, kwa nini alisema hana ndugu.

"Kwa sababu sina."

Alisema bila kupepesa. Salha hakuwahi kumgombeza mtu kazini, na maneno yalimtoka vipande vipande. Alisema kwamba ameiona picha, ametazama uso ule, na mtu yeyote mwenye macho angejua ule ni uso wa mtu aliyeambiwa jambo.

Iseli alimtazama kidogo, halafu akacheka kwa pua.

"Dada, umesomea picha chuoni miaka yote hiyo na hukufundishwa hili? Hakuna anayesikia picha yake." Aliweka kisu chini, akaziba masikio yote mawili kwa vidole vyenye maji ya viazi. "Tunazibwa. Nta na mafuta ya sili, yule mnyama wa barafuni, halafu kitambaa. Mama ananiambia jambo zito kuliko yote aliyo nayo, mimi nakaa, siambulii hata neno."

Sasa Salha alikaa.

Iseli alieleza kama mtu anavyomweleza mgeni jinsi ya kufungua mlango. Kila mzazi ana neno moja asiloweza kulisema na bado akala na watu. Hulisema siku hiyo, likaingia kwenye rangi, na mtoto huubeba ubao. Siku mzazi akifa, mtoto hukaa na picha yake, huipapasa kwa vidole mikwaruzo yote, na wazee humwambia walichokuwa wanakijua au kukibashiri. Wengi hawapati kamwe kujua neno lenyewe. Si lazima. Neno limeshatolewa, na mtoto amelibeba, hilo linatosha.

"Lakini uso wako," Salha alisema.

Iseli aliokota ganda, akalikunja.

"Nilikuwa namtazama mama," alisema. "Sijawahi kumwona hivyo. Sikusikia chochote, nilikuwa nikimwangalia mdomo unavyokwenda, na machozi yakiingia humo mdomoni, na mkono unachora tu."

Salha alitaka kuomba radhi, ila Iseli alikuwa ameshahama. Leo zamu ya redio ni ya mama yake, alisema. Sauti inayopita hewani bila kushikwa si haramu kwao. Jioni mama angepiga kwenye redio ya ukumbini, na yeye alikuwa amepanga kumweleza habari za mapeasi, na za milima, maana mama hajawahi kukanyaga ardhi na angedhani anadanganywa.

Salha aliuliza polepole, akitazama sakafu, ikitokea mtu akalisikia neno lake kabla ya wakati, inakuwaje.

"Basi amemzika mama yake. Mama yuko hai lakini hakuna wa kumsemesha. Anawekewa chakula mlangoni. Na mimi nami sitamsemesha tena, wala sitasikiliza akinisemesha." Aliinua mabega. "Ndiyo maana hatusikii."

Hapo ndipo spika zilipolia ukumbini, ule mlio mkali wa mtambo unapowashwa, na Salha akakumbuka kwamba hakumwambia Kihiyo neno moja la maana.

Alikimbia. Hakuwahi kukimbia ndani ya kituo. Alipita kwenye mikeka iliyotandikwa, akakwaruzana na meza ya chai, vikombe vikagongana, na alipofika karibu na mtambo sauti ya mwanamke ilikuwa imeshajaa ukumbi mzima, ya chini, ya meno yaliyoumana, ikisema, "Iseli, tulia. Usitikise kidevu. Naanza na macho ili…"

Aling'oa waya.

Kihiyo alibaki ameinua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Mama Hoza, aliyekuwa anapanga viti, alifungua kinywa amgombeze, lakini akaona Salha hamtazami yeye. Alikuwa anatazama mlangoni. Iseli alikuwa amesimama pale, ganda la kiazi bado mkononi.

"Ile," alisema kwa Kivelu, na hakumalizia.

* * *

Walimketisha Iseli kwenye ofisi ya Mama Hoza na mpishi akakaa naye, ingawa hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Watatu wakabaki ukumbini. Salha aliwaambia yote: ndoo, midomo ya bluu, Luda, nta. Alipofika kwenye kuzikwa kwa mama, Kihiyo alikaa juu ya kisanduku cha spika na kushika kichwa. Alisema, kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha wake wa kawaida, kwamba alitaka tu mtoto asikie nyumbani.

Mama Hoza hakuwa na muda wa majuto. Alisema kuna binti anakohoa juu ya chuma na meli inaondoka asubuhi. Mila ni mila, lakini huyu akifa amekufa. Salha amwambie Iseli.

Kihiyo alikuwa na njia nyingine. Wamwandike Luda wenyewe, kimyakimya. Iseli hakusikia zaidi ya jina lake na kidevu. Nani atajua?

Salha alisema Iseli atajua Luda akifika, na mji mzima utajua, kwa sababu hata kama mkataba ungekubali bila kinywa cha Iseli, jina lingesomwa redioni, na Velu nzima husikiliza majina ya meli. Mama angezikwa vilevile. Tofauti ni kwamba Iseli angekuwa wa mwisho kupata habari ya maziko ya mama yake mwenyewe. Na wakinyamaza kabisa, Iseli angezungumza na mama jioni hii kuhusu mapeasi, na kila jioni ya zamu yao, mpaka siku moja mama akose la kusema kwa kuwa Luda amekwisha.

"Kwa hiyo?" Mama Hoza alimwuliza, na kwa mara ya kwanza hakumsubiri. "Wewe ndiye ulisikia, mwanangu. Mimi siwezi kukubebea hilo."

Salha alitazama ubao, ambao bado ulikuwa umelala chini ya uzi wa mwanga. Sasa uso ule ulikuwa wa tatu kwake. Asubuhi ulikuwa wa mtoto aliyepigwa, mchana wa mtoto aliyeambiwa. Sasa ulikuwa wa mtoto anayempenda mtu na kumwona akizama mbele yake bila kujua ni maji gani. Alifikiri kwamba neno hili si lake, hakupaswa hata kulisikia, na kwamba hata akiuliza tu swali dogo kabisa atakuwa ameshaamua kwa niaba ya wote. Hakukuwa na namna safi ya kuingia ofisini mle.

Aliingia. Mpishi akatoka.

Alimwambia Iseli kwamba kituo kina mtambo unaosikia rangi. Kwamba waliutumia bila kumwuliza, wakidhani wanamkirimu. Kwamba yeye, Salha, amesikia neno lote, na hakuna mwingine mwenye Kivelu aliyelisikia. Iseli alirudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga kabati. Alimtazama Salha kama mtu anavyomtazama aliyemkuta chumbani akivaa nguo za mama yake.

"Usiniambie," alisema.

"Sitakuambia."

"Usiniambie, dada."

"Sikuambii. Lakini siwezi kukuacha uende redioni bila kujua kwamba nimelisikia."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka kwenye miti na mtu alikuwa anaita mbuzi. Iseli alikaa muda mrefu huku ameshika ncha ya msuko wake. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Salha aliona usoni mwake jinsi alivyojaribu njia moja baada ya nyingine, akirudishwa na kila moja. Jambo lingekuwa la aibu tu, Salha angelificha. Angeomba radhi na kuondoka.

"Nisiposikia," Iseli aliuliza, "kuna mtu atakufa?"

Salha alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. Hili alilijua lingekuja na bado lilimpiga kofi. Angeweza kusema sijui, na isingekuwa uongo kamili. Aliwaza mama aliye mbali, akingoja zamu yake ya redio, amejipanga kusikia habari za milima.

"Ndiyo," alisema.

Iseli alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa uso ulikuwa mkavu.

"Washa mtambo wenu," alisema.

Walimwachia hedifoni na wakatoka wote, hata Kihiyo, aliyemwonyesha kitufe kwa kunyoosha kidole kutoka mbali kana kwamba kinaunguza. Kutoka barazani Salha aliona mgongo tu kupitia dirishani. Mgongo haukutikisika. Kisha wakasikia sauti, na Salha alidhani ni kilio, lakini Iseli alikuwa anacheka, kicheko kibaya kisicho na pumzi, na aliporuhusu Salha amkaribie alikuwa anarudia jina lile lile.

"Luda? Luda anayeniita kichwa cha samaki? Aliwahi kunisukuma kwenye tangi la uduvi, mbele ya watu." Aliendelea kucheka mpaka kicheko kikageuka. "Ana mikono kama ya mama. Nilikuwa naiona ile mikono. Niliiona kila siku, dada, nikasema tu ana mikono mibaya."

* * *

Alimtaja Luda redioni saa ile ile, akiwa wima, kwa sauti kavu, kwa afisa wa meli aliyerudia maneno yake mara mbili kuhakikisha. Luda wa nyumba ya nyavu. Tumbo moja. Ndiyo, nina hakika. Majina yangesomwa Velu nzima kabla ya kulala.

Baadaye alimwuliza Salha watu wa hapa wanafanyaje mtu akifiwa na mama. Kwao hukaa kwenye chuma kitupu, wakiwa wengi, wamegusana mabega, lakini hapa hakuna Wavelu wa kukaa naye. Salha hakujua jinsi ya kulitafsiri hilo kwa Mama Hoza, kwa hiyo alilitafsiri kama lilivyo.

"Lakini mama yake mzima," Mama Hoza alisema.

Alimtazama Iseli tena, akavua viatu. Mikeka ya chai ya kumkaribisha ilikuwa bado imetandikwa. Alikaa chini, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake msibani, akamvuta Iseli ubavuni kwake, bega kwa bega. Mpishi akaja upande wa pili na kanga begani. Mtu mmoja aliirudisha jikoni sahani ya chapati za chai. Kihiyo alikaa nje ukutani pamoja na wanaume wengine wa kituo, akiwa ameinamisha kichwa, na alipoulizwa na mpita njia kuna nini alisema kuna msiba. Hakusema zaidi, kwa sababu hakujua aseme nani amefariki.

Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya mlima, redio ya ukumbini ikaita.

Iseli alikaza mwili wote. Iliita tena. Mama Hoza alimtazama Salha, na Salha, ambaye hata simu ya nyumbani kwao humwachia mdogo wake aipokee, aliinuka, akavuka ukumbi na kushika chombo.

"Iseli?" sauti ilisema. Ilikuwa ile ile, ila meno hayakuwa yameumana. Ilikuwa na furaha, ya mtu aliyekimbia asichelewe. "Iseli, mwanangu?"

Salha alijitaja. Alisema yeye ni mtu wa Lushoto, si Mvelu, kwa hiyo anaweza kuzungumza naye. Alisema Iseli yupo, ni mzima, amekula. Kisha akasema Luda atakuwemo kwenye meli ya asubuhi.

Alisikia upepo, na chuma kikigonga chuma mahali fulani mbali, na akadhani mawasiliano yamekatika. Kisha mama akauliza, polepole sana, kama kuna watu waliokaa na binti yake.

"Wapo. Tumeketi chini naye."

"Analia?"

"Analia."

Mwanamke yule alivuta pumzi. Alipozungumza tena alikuwa na haraka, haraka ya mtu anayefunga mizigo.

"Majina hayajasomwa bado. Nina muda kidogo, watu bado wananisemesha. Ngoja niende nyumba ya nyavu nikamwone, nikampe koti."

Hakuzima redio. Labda alisahau, labda aliiacha makusudi. Salha alibaki ameshika chombo, na kutoka ndani yake zilisikika nyayo zikienda juu ya chuma, nyepesi, za kukaribia kukimbia. Alipogeuka, Iseli alikuwa ameinuka mkekani. Alikuja bila kusema, akainama karibu na mkono wa Salha, sikio kwenye chombo, na wakasikiliza pamoja hatua zile zikipungua, na kupungua, mpaka upepo ukazichukua.